Gedan barai ni dawa ya kukunjwa shati

Mtu anayejiunga na dojo ya karate ya mtindo wa Shotokan, iwe Mbeya, Iringa au Tokyo, hamalizi mwezi wa kwanza kabla hajafundishwa gedan barai, ule mkono unaoanzia sikioni na kufagia kwenda chini hadi juu ya goti. Ataambiwa na kazi yake: kuzuia teke la mbele linalolenga tumbo au kinena. Ataambiwa hivyo na senpai, yaani mwanafunzi aliyemtangulia, ataulizwa hivyo siku ya mtihani wa mkanda, na siku naye akisimama mbele ya wanafunzi wake atawaambia vilevile. Nasema maelezo hayo ni finyu mno. Si ya uongo, lakini yanashika sehemu ndogo ya kazi ya mkono ule na kuiacha kubwa, na sehemu inayoachwa ndiyo hasa anayoihitaji kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, au wa Mlandege, Iringa. Ugomvi wa huku kwetu mara chache huanza kwa teke. Huanza kwa kukunjana mashati.

Tuutazame mwendo wenyewe kwanza. Anayekinga kwa mkono wa kushoto hupandisha ngumi ya kushoto hadi karibu na sikio la kulia, kiganja kikilielekea shavu. Wakati huohuo mkono wa kulia hunyooshwa mbele ya mwili, chini kidogo. Mguu wa kushoto unapopiga hatua, ngumi ya kushoto huteremka ikipita juu ya mkono wa kulia, karibu kuugusa, tangu kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono, nao wa kulia huvutwa nyuma kwa nguvu mpaka kiunoni. Mwendo ukiisha, ngumi ya kushoto imesimama kama upana wa ngumi mbili juu ya goti, kiwiko hakijakazwa kabisa, nyonga imegeuka nusu ubavu, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka. Kila sehemu ya mwendo huu husahihishwa na walimu kwa ukali, na ni haki yao. Lakini mwanafunzi makini lazima ajiulize: kama lengo ni kuliwahi teke, kwa nini mkono upande kwanza hadi sikioni, njia ndefu kuliko zote? Mkono wa pili unanyooshwa mbele ili ufanye nini? Na ule unaoshuka, kwa nini upite juu ya mwenzake badala ya kwenda moja kwa moja kwenye mguu wa adui?

Maelezo ya teke hayana majibu ya kutosha kwa maswali hayo. Jicho likiona hatari, misuli huchukua karibu robo sekunde kuitika, na hapo mkono haujaanza kusogea. Teke la mtu aliyefanya mazoezi halisubiri ngumi ipande sikioni ndipo ishuke. Halafu kuna suala la mifupa. Kigasha kina mifupa miwili, na ule wa upande wa kidole cha mwisho, ulna, umekaa chini ya ngozi bila nyama ya kuukinga. Madaktari wa mifupa wana jina maalumu la kuvunjika kwa ulna peke yake katikati ya kigasha. Wameliita kwa rungu la askari, kwa kuwa ndivyo wanavyovunjika watu wanaoinua mkono kukinga rungu. Muundi wa mguu ni mfupa mnene zaidi kuliko ulna, na nyuma yake kuna uzito wa paja na nyonga. Kumfundisha mtoto wa miaka 12 kwamba mfupa mwembamba ushuke kuulaki mfupa mnene unaokuja kwa kasi ni kumfundisha hesabu ambayo haitoki. Kwenye mazoezi hatuioni hatari hiyo kwa sababu mwenzake hurusha teke kwa adabu, kwa mstari ulionyooka, baada ya kutangaza, kisha hulirudisha.

Ushahidi ulio bora zaidi umo ndani ya kata zenyewe, ile mifululizo ya miendo iliyopangwa ambayo mwanafunzi huifanya peke yake. Taikyoku Shodan ina miendo 20, na 8 kati ya hiyo ni gedan barai. Iliyobaki yote ni ngumi ya hatua. Heian Shodan, kata ambayo wanafunzi wengi wa Shotokan huitumia katika mtihani wao wa kwanza, ina miendo 21, na gedan barai hutokea mara 6. Hakuna kinga nyingine inayorudiwa kiasi hicho. Ila jambo la kutazamwa kwa karibu ni mwendo wa nne wa Heian Shodan. Mwanafunzi amegeuka nyuma na kushusha gedan barai ya kulia. Badala ya kusonga mbele kwa ngumi kama alivyofanya upande wa kwanza, anauvuta mkono uleule kwa nguvu, anarudisha mguu wa mbele kidogo, anauzungusha mkono juu na kuuteremsha kwa ngumi ya nyundo. Muulize mwalimu yeyote wa Shotokan maana yake, naye atakwambia bila kusita: adui ameshika kifundo cha mkono, kwa hiyo tunaunasua na kumpiga. Jibu hilo ni sahihi na ni la asili, nami nalichukua kama lilivyo. Kama adui ameweza kuukamata mkono mara tu ulipomaliza gedan barai, basi alikuwa karibu, umbali wa mkono na si wa mguu. Kata imekiri yenyewe kwamba tupo kwenye masafa ya kushikana. Haiingii akilini kwamba mwendo wa nne uwe wa kushikwa na wa tatu, uliofanyika kufumba na kufumbua kabla yake, uwe wa kupambana na mtu aliyesimama mbali akirusha mateke.

Historia nayo inaelekea upande huo. Heian zilitoka kwenye kata za Pinan za Itosu Anko wa Okinawa, aliyezaliwa 1831 na kufariki 1915, mzee aliyeiingiza karate katika shule za kisiwa hicho mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908 aliandika barua yenye mafundisho kumi akitetea karate ifundishwe shuleni, na barua hiyo inagusia pia mbinu za kukamata na kujinasua. Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922 na kubadili jina la Pinan kuwa Heian, aliweka mitupo katika kitabu chake cha mwaka 1935. Waanzilishi, basi, hawakuwa watu wa kupigana kwa mbali tu. Ila mtu anayefundisha watoto mia moja waliopangwa mistari katika uwanja wa shule hawezi kuwashikanisha wawiliwawili na kumwelekeza kila mmoja. Anahitaji maelezo mafupi ambayo kila mtoto atayashika papo hapo: huyu anapiga, wewe unazuia. Mimi naamini maelezo ya teke yalipata nguvu kwa njia hiyo, kwa mahitaji ya darasa kubwa, na yakasafiri na darasa hilo hadi yakatufikia.

Sasa turudi nyumbani. Aliyewahi kushuhudia watu wakigombania abiria stendi, au wakidaiana pesa sokoni Mwanjelwa, anazijua hatua zake. Sauti hupanda, kidole huelekezwa usoni, kisha mmoja humkunja mwenzake: mkono mmoja hukamata shati kifuani au ukosi, na ule wa pili hushika kifundo cha mkono ili anayekunjwa asipige. Hapo ndipo watu husema "muachie, muachie". Ngumi na vichwa huja baada ya hapo, na teke huja mwisho, mara nyingi kwa aliyekwisha kuanguka. Kijana aliyefanya gedan barai mara elfu kumi akimuwazia mpiga teke wa mbali, siku akikunjwa shati atasimama na mikono isiyojua la kufanya, ilhali jibu linalofaa hapo limo mwilini mwake tayari. Hakuna aliyemwambia tu.

Lilivyo jibu hilo ni hivi. Adui ameshika kifundo chako cha kulia na kukivutia kwake. Mkono wako, bila hiari, umenyooka mbele na chini. Huo ndio mkono wa pili ambao tulijiuliza unafanya nini pale. Ngumi yako ya kushoto inapanda sikioni, na kiwiko kinachopanda nayo kinakinga koo na taya dhidi ya ngumi yake ya pili. Kisha kigasha cha kushoto kinateremka juu ya mkono wako mwenyewe kikikwangua vidole vyake, kama kisu kinavyoparua magamba ya samaki, na papo hapo mkono wa kulia unavutwa kiunoni ukipitia upande wa kidole gumba chake, mahali ambapo mshiko wowote ni dhaifu. Vidole vinne vina nguvu. Gumba liko peke yake. Kuvuta bila kukwangua kunahitaji msuli kuliko wa adui, na kukwangua bila kuvuta kunamwachia nafasi ya kukaza tena. Vikifanyika kwa pamoja, na hatua ya mguu ikiwa imeingiza uzito wa mwili wote, binti wa kilo 50 anapata nafasi nzuri ya kujinasua kutoka kwa mwanamume anayemzidi kilo 20. Akiwa amekunjwa shati badala ya kushikwa kifundo, kigasha kilekile kinaangukia kwenye kunjo la kiwiko cha adui. Mkono wake unakunjika, mabega yanainama, uso unakuja mbele na chini. Na mwendo unaofuata katika kata mara nyingi ni ngumi ya hatua. Kila swali tulilouliza juu, la sikio, la mkono wa pili, la njia ya kupita, limepata jibu bila kubadilisha hata inchi moja ya mwendo.

Suala kubwa hapa ni masafa, na wenyeji wa Iringa wana mfano wao. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walijificha vichakani kando ya njia wakausubiri msafara wa Emil von Zelewski uwakaribie kabisa. Wajerumani walikuwa na mizinga na bunduki za rashasha, silaha zinazotawala uwanja wenye nafasi. Zilikuwa bado zimefungwa mizigoni Wahehe walipotokeza na mikuki, na baada ya dakika chache Zelewski alikuwa amekufa na kikosi chake kimevunjika. Silaha inayohitaji nafasi haimsaidii mtu asiye na nafasi. Gedan barai inayofundishwa kama kinga ya teke ni ya masafa marefu. Hiyohiyo, mwendo uleule, ikifundishwa kama kujinasua, inafanya kazi pale ambapo pumzi ya adui inakufikia usoni.

Watasema wengine kwamba nazungumzia Shotokan tu, na Tanzania si nchi ya Shotokan peke yake. Ni kweli. Goju-Ryu ina mizizi mirefu hapa tangu miaka ya 1970, Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alipojenga kizazi cha kwanza cha wanafunzi wake Zanaki, Dar es Salaam, na mkono wake umefika mbali kupitia wanafunzi wa wanafunzi wale. Lakini Goju-Ryu inaitia nguvu hoja yangu. Katika Gekisai Dai Ichi, kata aliyoitunga Miyagi Chojun mwaka 1940 kwa ajili ya wanaoanza, gedan barai hufanywa kwa kurudi nyuma na kushuka kwenye shiko dachi, miguu imepanuliwa, makalio yameshuka, mgongo umesimama. Kama ni kinga ya teke, mtindo huu angalau una busara ya kuondoka kwenye njia yake. Kama ni mkono uliokamatwa, kule kushuka ghafla kunamning'iniza adui mzigo wa mwili mzima kwenye vidole vyake. Shotokan inaingia ndani, Goju inazama chini. Zote mbili zinatumia uzito wa mwili dhidi ya mshiko wa mtu. Sioni sababu ya dojo za mitindo hii miwili katika mji mmoja kutoshirikiana katika kufundisha kujinasua huku.

Pingamizi la mashindano ni jepesi zaidi kulijibu. Wapo wanaotazama kumite, yaani mapambano ya watu wawili, ya kisasa, ile iliyofika Olimpiki pale Nippon Budokan mwezi Agosti 2021 na isiyokuwamo Paris 2024, na kusema kwamba kwa kuwa hakuna bingwa anayetumia gedan barai, basi ni pambo la kale lisilo na kazi. Kanuni za mashindano hayo zinatoa pointi kwa mapigo ya kichwa, shingo na kiwiliwili tu. Kinena hakiruhusiwi, na kushikana kumewekewa mipaka mikali. Ukiondoa hatari ya chini na ukiondoa kushikana, umeiondolea gedan barai kila kazi iliyokuwa nayo, kisha ukishangaa haifanyi kazi unajidanganya.

Pingamizi zito ni la walimu wanaosema teke la chini lipo, na kwamba wameona gedan barai ikilizuia. Nawaamini. Mkono ukishuka kwa pembe, ukalikuta teke ubavuni karibu na kifundo cha mguu, na mwili ukawa umeshatoka nje ya mstari, teke hupotea njia na mpigaji hubaki amegeuza mgongo. Hiyo ni mbinu halali na nzuri. Lakini angalia kilichofanya kazi hapo: miguu ilimtoa mtu kwenye hatari kwanza, mkono ukahakikisha. Mwalimu anayetaka kuendelea kufundisha kinga ya teke na afundishe hivyo, mguu kabla ya mkono, pembeni na si uso kwa uso, na awaambie wanafunzi wazi kwamba mkono uliobaki kwenye mstari wa teke unaweza kuvunjika. Hilo halipingani na kujinasua. Linakaa kando yake. Ninachokataa ni kulifanya teke kuwa maelezo ya kwanza na ya pekee.

Kuna wanaohofia heshima. Karate imejengwa juu ya utii, na mwanafunzi anayeambiwa leo kwamba kinga aliyofundishwa miaka mitano ina maana nyingine anaweza kumwona mwalimu wake wa zamani kama aliyempotosha. Hofu hii naielewa, na ndiyo maana nasisitiza kwamba umbo la mwendo lisiguswe. Kata ibaki kama ilivyopokelewa, ngumi ipande palepale sikioni, mkono uvutwe palepale kiunoni. Kinachoongezwa ni zoezi la watu wawili. Mwalimu aliyeuhifadhi mwendo kwa usahihi kwa miaka 30 amefanya kazi kubwa kuliko anayeueleza, kwa kuwa umbo likiharibika hakuna maelezo yatakayolirudisha. Ukali wake juu ya njia ya mkono ndio uliolihifadhi jibu tunalolisoma leo.

Niseme pia mipaka, maana kumpa mtu matumaini ya uongo katika jambo la kujilinda ni kumuweka hatarini. Gedan barai haimsaidii aliyepigwa roba kutoka nyuma. Hilo lina somo lake. Haimsaidii anayekabiliwa na kisu au panga. Huyo atoe simu na aondoke. Haimsaidii aliyezungukwa na vijana watatu, kwani akijinasua kwa mmoja, wawili wamebaki. Uwanja wake ni ule ugomvi wa watu wawili wanaofahamiana au waliogongana njiani, mkono umeshika shati, na bado kuna nafasi ya mambo kuishia hapo. Na hapa sheria ina neno. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa mtu haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu inayohitajika tu. Kijana anayejua kitu kimoja, ngumi, atajibu kukunjwa shati kwa kuvunja pua ya mtu, na kesho yake anatoa maelezo polisi. Anayejua kujinasua ana ngazi ya kati: anavunja mshiko, anarudi hatua mbili, anainua viganja, watu wanaingia kati. Wakuu wa shule wanaosita kuruhusu karate kwa kuogopa kwamba itazalisha wapiganaji wangelitazama jambo hili upya kama somo la kwanza lingekuwa la kujiondoa mikononi mwa mtu.

Kulitekeleza zoezi hilo la watu wawili hakuna gharama, na hilo ni muhimu kwa dojo zinazofanyia mazoezi madarasani, kumbini na viwanja vya shule. Kuna tahadhari mbili za huku kwetu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa si chini sana ya hapo, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake si ya utani. Kiwiko kisichopashwa joto kikikazwa ghafla mwisho wa gedan barai huumia, kwa hiyo zoezi hili lije baada ya jasho, na kiwiko kibaki kimelegea kidogo kama umbo lenyewe linavyotaka. Ya pili ni sakafu. Kwenye saruji ya mkwaruzo nyayo hukwama wakati goti limeshaanza kugeuka, na Heian Shodan ina mageuko mengi ya aina hiyo. Wanafunzi wageuke kwa kisigino kilichoinuliwa kidogo, au waanze kwenye nyasi.

Zoezi lenyewe liwe hivi. Wawili wanasimama wakitazamana. Mmoja anashika kifundo cha mwenzake kwa nguvu halisi, si kwa kugusa, na anavuta. Mwenzake anafanya gedan barai nzima na hatua yake, taratibu mara kumi, kisha kwa kasi. Wanabadilishana upande, kisha wanahamia kwenye shati. Hapo gi nzito, yaani sare ya karate, inafaa, na asiye nayo avae koti kuukuu. Mshikaji aambiwe mapema kwamba akihisi kiwiko chake kinaelemewa aachie mara moja. Mwanafunzi akikosa, mwalimu asimwambie aongeze nguvu. Aangalie kama ngumi ilifika sikioni kweli, kama mkono wa pili ulivutwa wakati uleule na si baadaye, kama mguu uliingia au ulichelewa. Karibu kila mara kosa liko katika moja ya mambo hayo matatu, na ndiyo yaleyale anayoyasahihisha kila siku kwenye kihon, mazoezi ya msingi, bila mwanafunzi kujua kwa nini. Na kwenye mtihani wa mkanda wa kwanza, mtahini akishamaliza kutazama Heian Shodan, amwite mwanafunzi mwingine mkubwa zaidi aje amkunje mtahiniwa shati, amkazie, kisha atoe amri moja tu: gedan barai.